Vipande saba vya mwanga: namba zinazoamua uzito wa gunia Kolwezi

KOLWEZI – Mchimbaji mdogo anayefikisha gunia lake kwenye depo za Musompo, nje kidogo ya mji wa Kolwezi, anaweza asijue kusoma barua. Lakini namba za mizani anazijua. Ni namba nyekundu au nyeusi, zenye pembe kali, zilizojengwa kwa vijistari vilivyonyooka. Gunia linapandishwa, namba zinacheza kidogo, kisha zinasimama. Zikishasimama, mjadala wa uzito umekwisha. Unabaki mjadala wa kiwango cha kobalti, halafu bei.

Namba za sura hiyo hazipo kwenye mizani peke yake. Ziko kwenye pampu za mafuta, kwenye mashine ya hesabu ya mama anayebadilisha franka na dola kando ya barabara, kwenye saa za misikitini zinazoonyesha nyakati za sala, na kwenye ubao ambao mwamuzi wa nne anauinua mchezaji anapobadilishwa. Siku hizi zimetoka pia ndani ya mashine na kuingia kwenye karatasi na plastiki. Mafundi wa matangazo wanazitumia kwenye mabango ya maduka ya simu, kwenye mialiko ya tamasha, na kwenye picha za WhatsApp zinazohesabu siku zilizobaki kabla ya punguzo la bei kuisha. Mwandiko wa mashine za miaka ya 1970 umerudi kuwa mtindo.

Kwa wengi duniani, ni pambo tu. Kwa mtu wa Lualaba anayeuza kwa kilo, kuujua mwandiko huu ni jambo la mfuko wake.

Mistari saba tu

Chukua namba 8 kama inavyoonekana kwenye mizani. Ihesabu: mstari mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini, miwili upande wa kushoto na miwili upande wa kulia. Jumla saba. Mafundi wa elektroniki wanaipa kila mmoja herufi, kuanzia a hadi g. Kila mstari ni taa ndogo inayojitegemea, ikiwaka au kuzimika. Namba 8 inawasha yote saba. Namba 1 inawasha miwili tu ya kulia. Namba 7 inawasha mitatu, namba 4 minne, 2, 3 na 5 mitano mitano, na 0, 6 na 9 sita sita.

Taa saba zinaweza kupangwa kwa namna 128, lakini kwa namba tunahitaji kumi tu. Ndiyo sababu mpango huu ulishinda mingine: ni rahisi, unatumia nyaya chache, na kiwanda kinaweza kuutengeneza kwa bei ndogo sana. Nukta ya desimali nayo ni taa ya nane, imekaa peke yake chini ya namba. Tutairudia hiyo nukta, kwa sababu ina madhara yake.

Wengi wanadhani mpango huu ulizaliwa pamoja na kompyuta. Sivyo. Mwaka 1908 Mmarekani F. W. Wood aliomba hataza ya kifaa cha kuonyesha namba kwa vipande vinavyowaka, na hataza hiyo ilitolewa mwaka 1910. Chake kilikuwa na vipande vinane, kwa sababu alitaka namba 4 iwe na mstari wa mshazari. Wakati huo taa zenyewe zilikuwa balbu za kawaida, zinazokula umeme mwingi na kuungua upesi, kwa hiyo kifaa hakikuenea.

Kilichobadilisha mambo ni taa ndogo ya LED. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akiwa General Electric ya Marekani, alitengeneza LED yenye mwanga unaoonekana kwa macho, na mwanga huo ulikuwa mwekundu. Ndiyo sababu mashine za kwanza zilikuwa na namba nyekundu, na ndiyo sababu mpaka leo mchoraji akitaka kuonyesha kitu cha elektroniki anachagua nyekundu juu ya nyeusi. Mwaka 1972 zilitoka mashine ya hesabu ya mfukoni HP-35 na saa ya mkononi Pulsar ya kampuni ya Hamilton, zote mbili zikiwa na namba hizo nyekundu. Pulsar ya kwanza iliuzwa dola 2,100, bei ya kitajiri kabisa kwa wakati ule.

Upande wa pili kulikuwa na kioo cha LCD, kilichofanyiwa kazi Basel, Uswisi, mwaka 1970. LCD haitoi mwanga, inaziba mwanga. Namba zake ni nyeusi juu ya rangi ya kijivu inayoelekea kijani, na betri ndogo inaiendesha miaka. Saa ya Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo inauzwa bado hadi leo, ni mfano unaojulikana kuliko yote. Kwa hiyo mwandiko ni mmoja, lakini una sura mbili: nyekundu inayowaka usiku, na nyeusi inayosomeka juani.

Shaba inaandikika, Kolwezi haiandikiki

Mistari saba ilikusudiwa namba. Herufi zinaingia kwa kubanwa, na nyingine hazikubali kabisa. K, M, V, W na X hazina namna ya kuonyeshwa vizuri, kwa sababu zinahitaji mishazari au mistari zaidi. Nyingine zinagongana na namba: S ni sawa na 5, Z ni sawa na 2, O ni sawa na 0, I ni sawa na 1. B kubwa ni sawa na 8 na D kubwa ni sawa na 0, ndiyo sababu mashine zinaandika b ndogo na d ndogo.

Jaribu kwa majina ya kwetu. LUALABA inaandikika yote, mradi B iwe ndogo: L, U, A, L, A, b, A. SHABA nayo inaandikika, ingawa mgeni anaweza kuisoma «5HAbA». Lakini KOLWEZI inakwama kwenye K ya kwanza, inakwama tena kwenye W, na Z yake inasomeka 2. KOBALTI inakwama pale pale mwanzo.

Mipaka hiyo inaeleza lugha fupi ambayo mashine zinatumia. Mizani nyingi betri ikikaribia kwisha zinaandika «Lo». Mashine ya hesabu ikishindwa inaandika «E» au «Error», neno ambalo herufi zake zote zinaingia kwenye mistari saba. Watengenezaji walichagua maneno kufuata taa walizokuwa nazo.

Pale herufi zote zinapohitajika, viwanda vinatumia vipande 14 au 16 badala ya saba, au nukta nyingi zilizopangwa kwa safu. Zile taa zinazotembeza maneno juu ya milango ya hoteli na maduka ya dawa ni za nukta. Si mwandiko huu, ingawa watu huzichanganya.

Kutoka mashine hadi bango

Wachoraji wa herufi walianza mapema kuigeuza sura ya mashine kuwa fonti ya kuchapishia. Mwaka 1981 Mwingereza Alan Birch alichora fonti inayoitwa LCD, iliyouzwa na Letraset, kampuni iliyokuwa ikitengeneza herufi za kubandika. Hiyo ilikuwa kabla ya wengi kuwa na kompyuta. Mtu alisugua herufi moja moja juu ya karatasi. Leo kuna fonti nyingi za namna hii. Digital-7 inaonekana kwenye matangazo kila pahali. DSEG, ya mtengenezaji wa Japani anayejiita Keshikan, inatolewa bure kwa leseni ya wazi na ina aina za vipande 7 na vipande 14.

Kwa fundi wa matangazo wa Kolwezi, Likasi au Fungurume, kuna mambo machache yanayotenganisha kazi nzuri na kazi ya kubahatisha.

La kwanza, mwandiko huu ni wa namba. Saa, bei, tarehe, matokeo ya mpira, siku zilizobaki: hapo unakaa vizuri. Sentensi nzima ikiandikwa hivyo inachosha macho, na jina la duka lenye K au W litaonekana limevunjika. Andika jina kwa herufi za kawaida, acha namba peke yake zivae mtindo.

La pili, namba ya simu isiandikwe hivyo. Kutoka ng’ambo ya barabara, 8, 6, 9 na 0 zinakaribiana mno, kwa sababu zinatofautiana kwa mstari mmoja au miwili. Mteja akikosea tarakimu moja, amempigia mtu mwingine.

La tatu, nafasi ndogo kati ya vijistari ndiyo inayoupa mwandiko sura yake. Kwenye bango la plastiki lililochapishwa kwa mashine inabaki. Kwenye ukuta uliopakwa kwa brashi nene inajaa rangi na namba inakuwa nzito tu. Anayechora kwa mkono aongeze nafasi hiyo kuliko anavyoiona kwenye kompyuta.

La nne, kwenye kifaa halisi taa zilizozimika huonekana kidogo nyuma ya zile zinazowaka. Fundi anayetaka kazi yake ifanane na mashine anaweka kwanza safu ya namba 8 kwa rangi hafifu, kisha juu yake anaweka namba anayotaka kwa rangi kali. Kila namba inachukua upana ule ule, hata 1, ambayo inabaki imeegemea kulia. Hivyo zinapangana bila kusukumana.

Kwa nini tunaziamini

Mizani ya zamani ya mshale ilikuwa inaruhusu ubishi. Mshale ukisimama kati ya 42 na 43, muuzaji anasema 43, mnunuzi anasema 42, na wote wawili wanainama kutazama. Mizani ya namba haina katikati. Inasema 42.6 na inanyamaza. Watu wamezoea kuona kwamba kilichoandikwa kwa vijistari kimetoka kwenye mashine, na mashine haina ndugu.

Tangazo linaloandika «SIKU 3» kwa sura hiyo linaazima imani hiyo. Linamfanya msomaji ahisi kuna saa ya kweli inayohesabu mahali fulani, hata kama mwenye duka atarudisha bango lile lile wiki ijayo.

Lakini hata kwenye mizani yenyewe, namba si uzito. Chini ya sahani ya mizani kuna chuma kinachopindika kidogo sana mzigo unapowekwa. Kifaa kilichobandikwa juu ya chuma hicho kinageuza mpindo kuwa umeme, kichipu kinageuza umeme kuwa hesabu, na hesabu ndiyo inayowasha taa. Kichipu kinajua kilo moja ni kiasi gani kwa sababu mtu alikifundisha, kwa kuweka jiwe la uzito unaojulikana na kuhifadhi jibu. Mtu akikifundisha vibaya, kwa bahati mbaya au kwa kusudi, taa zitawaka vizuri kabisa na kusema uongo.

Tatizo hilo linajulikana. Katika ripoti ya Januari 2016 kuhusu kobalti ya Congo, Amnesty International na shirika Afrewatch waliandika kwamba wachimbaji waliozungumza nao hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito au kiwango cha madini, na walilazimika kukubali bei ya mnunuzi. Mwaka 2019 serikali ilianzisha Entreprise Générale du Cobalt, EGC, chini ya Gécamines, ili iwe mnunuzi wa kobalti yote ya wachimbaji wadogo. Kubadilisha mnunuzi ni jambo moja. Muuzaji kuweza kuhakikisha kipimo ni jambo lingine.

Kipande kikifa

Kuna kosa lingine ambalo halihitaji mwizi. Taa moja inakufa. Vumbi linaingia, waya unalegea, mizani inaanguka kutoka kwenye pikipiki. Mara nyingi namba inavunjika waziwazi na kila mtu anaona. Lakini mara nyingine namba inageuka kuwa namba nyingine halali, na hakuna anayeshtuka.

Tukizipitia namba zote kumi, moja moja, tunapata nafasi saba za namna hiyo. Namba 8 ikipoteza mstari wa katikati inakuwa 0. Ikipoteza wa juu kulia inakuwa 6. Ikipoteza wa chini kushoto inakuwa 9. Namba 9 ikipoteza wa juu kulia inakuwa 5, na ikipoteza wa juu kushoto inakuwa 3. Namba 6 ikipoteza wa chini kushoto inakuwa 5. Na namba 7 ikipoteza mstari wa juu inakuwa 1.

Tazama upande ambao makosa hayo yanaelekea. Kati ya saba, sita yanapunguza namba. Moja tu, la 8 kuwa 9, linaongeza. Taa iliyokufa haina nia mbaya, lakini mara nyingi inamwumiza anayeuza kwa kilo. Gunia la kilo 48, kwenye mizani ambayo mstari wa katikati wa namba ya mwisho umekufa, litasomeka kilo 40. Kilo nane zimepotea, na aliyesoma hakudanganya, amesoma alichokiona.

Nukta nayo ni hivyo. Ikizimika, 4.8 inasomeka 48. Kwa gunia mtu atashangaa. Kwa mfuko mdogo, au kwa asilimia, si lazima.

Namba ya Metorex

Baada ya uzito kuna namba ya pili, ile ya kiwango cha kobalti au shaba ndani ya jiwe, «teneur» kama wote tunavyoiita. Inatoka kwenye kifaa cha mkononi chenye umbo la bunduki, kinachojulikana kwenye depo kwa jina la Metorex. Jina hilo ni la kampuni ya Finland iliyotengeneza vifaa vya aina hiyo, na lisichanganywe na kampuni ya migodi ya Metorex iliyokuwa na mgodi wa Ruashi, Lubumbashi.

Kifaa hicho kinapiga jiwe kwa miali ya eksirei, na kila madini yanajibu kwa miali yake yenyewe. Kinasoma ngozi ya juu tu ya kile kilichowekwa mbele yake. Jiwe lenye unyevu linasoma chini kuliko jiwe kavu. Gunia lenye mchanganyiko litatoa jibu moja upande huu na jibu lingine upande ule. Kwa hiyo asilimia moja iliyoonekana mara moja haiwezi kuwa asilimia ya gunia zima, hata kama kifaa ni kizima na aliyekishika ni mwaminifu. Kipimo cha haki kinataka sampuli iliyosagwa, ikachanganywa, ikakaushwa, na kupimwa zaidi ya mara moja.

Kupima kabla ya kupimiwa

Kuna hatua ambazo hazihitaji diploma wala fedha nyingi.

Mizani ikiwashwa, itazame tangu mwanzo. Nyingi huwasha kwanza taa zote na kuonyesha safu ya namba 8. Huo si urembo. Ni mtihani wa taa. Kila 8 iwe na mistari saba. Ikiwa mojawapo inaonekana kama 0, 6 au 9, hiyo mizani isipime gunia lako. Ikiwa mizani ilishawashwa kabla hujafika, una haki ya kuomba izimwe na kuwashwa tena.

Kabla ya gunia kupandishwa, namba iwe sifuri. Ikiwa inaanza chini ya sifuri, yaani ina alama ya kutoa mbele yake, hizo kilo zitakatwa kwenye mzigo wako. Ikiandika «Lo», betri imechoka na kipimo si cha kuaminika.

Beba uzito unaoujua. Lita moja ya maji ina kilo moja. Pakiti mbili za chupa sita za lita 1.5, ambazo hazijafunguliwa, zina maji ya kilo 18, na plastiki inaongeza kidogo tu. Mizani ikisema 16, huna haja ya kubishana kwa maneno. Kidumu cha lita 20 hakifai kwa mtihani huu, kwa sababu kikijazwa hadi mdomoni kinachukua zaidi ya lita 20.

Andika namba mara moja, na mtu wa pili aisome kwa sauti. Picha ya simu ni nzuri zaidi, lakini jihadhari: taa za LED huwakawaka kwa kasi ambayo jicho halioni, na kamera inaweza kuzikamata zikiwa nusu zimezimika. Piga picha mbili au tatu.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mchimbaji mdogo awe ndani ya koperative iliyoidhinishwa. Koperative yenye mizani yake inaweza kupima gunia kabla halijaondoka mgodini, ili muuzaji afike depo akiwa na namba yake mkononi. SAEMAPE ina kazi ya kuwasaidia wachimbaji hao, na Office Congolais de Contrôle ina kazi ya kukagua vifaa vya kupimia. Malalamiko yenye namba mbili zilizoandikwa, ya mgodini na ya depo, pamoja na tarehe, yana nguvu kuliko malalamiko ya maneno matupu.

Wachoraji wataendelea kuzipenda namba hizi, na hakuna ubaya, zinapendeza. Kwenye bango, namba iliyovunjika inaharibu sura ya tangazo. Musompo, namba hiyo hiyo ikipungua mstari mmoja, kuna nyumba ambayo jioni hiyo itanunua unga kidogo kuliko ilivyostahili.